Maswali ya Wasomaji: Baba wa Bibi Aliyetoka Ayalandi

Toleo hili tumelitenga kwa barua tatu zinazohusu jambo moja, yaani namna ya kuifuatilia familia ya mtu wa Ayalandi katika nyaraka za zamani za serikali na za kanisa. Majina ya waandishi na ya jamaa zao tumeyahifadhi.

SWALI

Mhariri mpendwa,

Mimi ni mama wa miaka 57, nakaa Voi. Mama yangu mzazi ana miaka 84. Mama yake, yaani bibi yangu, alizaliwa hapa Voi karibu na mwaka 1909. Baba yake alikuwa Mzungu wa reli na mama yake alikuwa Mtaita. Wazee walimweleza bibi kwamba baba yake hakuwa Mwingereza bali Mwayalandi, na kwamba aliondoka bibi akiwa bado ananyonya, asirudi tena. Alichoacha ni kitabu kidogo cha sala cha Kikatoliki. Ndani ya jalada kuna jina lake kamili, neno Clare, na neno jingine linaloanza na Kilm ambalo mwisho wake umefifia. Mwaka jana nilimwandikia mtu mmoja anayejishughulisha na nasaba kule Ayalandi, akanijibu kwa mstari mmoja kwamba kumbukumbu za nchi hiyo ziliteketea zote mwaka 1922 na kwamba nisijisumbue. Mama anatamani sana kujua babu yake alikuwa mtoto wa nani. Je, ni kweli kwamba hakuna kilichobaki? Na kama kipo, nianzie wapi?

Msomaji, Voi

JIBU

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu, kisha umwambie kwamba jibu mlilopewa si sahihi. Lina ukweli ndani yake, na ukweli huo nusu umewafanya watu wengi waache kutafuta nyaraka ambazo zipo hadi leo na ambazo mtu anaweza kuzisoma bila malipo akiwa Voi.

Kilichotokea ni hiki. Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Ayalandi ilikuwa katika majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts, mjini Dublin, kando ya mto Liffey. Mwezi Aprili 1922 wapiganaji waliopinga mkataba uliofanywa kati ya Ayalandi na Uingereza waliyateka majengo hayo. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya likaanza kuyapiga kwa mizinga, na tarehe 30 Juni ukatokea mlipuko na moto ulioiteketeza ghala ya nyaraka, hata vipande vya karatasi zilizoungua vikawa vinaanguka katika mitaa ya Dublin kama majivu ya shamba linalochomwa. Ziliangamia humo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 isipokuwa mabaki machache, pamoja na wosia za karne kadhaa na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, yaani ya Waanglikana. Sensa nyingine zilizopotea hazikuuawa na moto huo. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu zake kujumlishwa, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa angalia kile ambacho hakikuwamo ndani ya jengo lile. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya Wakatoliki, ambao walikuwa sehemu kubwa ya wananchi, yalikaa parokiani mikononi mwa mapadri, kwa kuwa kanisa lao halikuwa kanisa la dola. Serikali haikuwahi kuyadai, na kule kutoyadai ndiko kulikoyaokoa. Madaftari ya serikali ya vizazi, ndoa na vifo yalikuwa kwa Msajili Mkuu, mahali pengine kabisa. Orodha ya wakaaji wa ardhi iliyoandaliwa chini ya Richard Griffith kati ya 1847 na 1864 ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Sensa za 1901 na 1911 zimesalimika, nyumba kwa nyumba. Na tangu Juni 2022, miaka mia moja baada ya moto, wataalamu wakiongozwa na Chuo cha Trinity cha Dublin wamekuwa wakikusanya katika hazina moja ya kidijitali nakala na dondoo za nyaraka zilizoungua ambazo zilikuwa zimehifadhiwa katika ofisi na maktaba nyingine.

Mtu wako alikuwa mfanyakazi wa reli karibu na mwaka 1909. Kwa hiyo yaelekea alizaliwa kati ya 1864 na 1888. Huo ni wakati mzuri kwa mtafutaji, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Januari 1864 kila kizazi, kila ndoa na kila kifo katika Ayalandi nzima kilitakiwa kuandikishwa serikalini, pasipo kujali dini. Babu wa mama yako hakuathiriwa na moto wa 1922. Wale ambao moto uliwagusa ni babu zake yeye.

Hata hivyo nakusihi usianzie Ayalandi. Anzia Bura. Misheni ya Bura, katika milima ya Taita, ilianzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1892, na ikiwa mama wa bibi yako aliridhia mtoto abatizwe, au ikiwa bibi alibatizwa baadaye akiwa mkubwa, yawezekana ukurasa wake upo huko au katika parokia iliyorithi madaftari hayo. Nenda mwenyewe, ukiwa na heshima na subira, umwombe paroko akuruhusu kusoma ingizo lote badala ya kukuandikia cheti kipya, maana cheti kipya hunakili sehemu chache tu na kuacha maelezo ya pembeni. Maandishi yatakuwa kwa Kilatini. Jina la baba likiwapo, umepata kiungo ambacho hakuna ofisi ya Dublin inayoweza kukupa. Ukikuta maneno *pater ignotus*, yaani baba hajulikani, usivunjike moyo, kwani mara nyingi maneno hayo yalikuwa na maana ya kwamba baba hakujitokeza mbele ya padri, si kwamba majirani hawakumjua. Usiache kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa maana mfanyakazi mwenzake wa reli anaweza kuwa mmojawapo.

Kwa upande wa serikali ya kikoloni, uandikishaji wa vizazi ulianza kwa Wazungu mwaka 1904 na ukawafikia Waafrika kwa ulazima miongo mingi baadaye, kwa hiyo sitarajii kwamba utapata cheti cha bibi cha wakati ule. Lakini baba yake, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, aliacha nyayo. Gazeti rasmi la serikali ya himaya ya Afrika Mashariki lilianza kuchapishwa mwaka 1899, na ndani yake mlitangazwa watu walioajiriwa, waliopewa likizo, na pia mirathi ya Wazungu waliofia nchini. Matoleo yake yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, pale Moi Avenue. Tafuta jina lake mwaka kwa mwaka, kuanzia 1905 hadi 1915. Ukilikuta katika matangazo ya mirathi, mtajua kwamba kutorudi kwake hakukuwa kwa hiari, na jambo hilo peke yake laweza kuwa na uzito mkubwa kwa mama.

Kuna pia orodha za abiria waliosafiri kwa meli kutoka bandari za Uingereza na Ayalandi kwenda nje ya Ulaya, za mwaka 1890 hadi 1960, zinazotunzwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew na kusomeka mtandaoni kwa malipo. Zinaonyesha jina, kazi na bandari ya kushukia, na mara nyingi umri. Tahadhari ni moja tu: aliyevuka kwanza kwa treni hadi Marseille akapandia meli huko hakuandikwa humo, na wengi waliokuja Mombasa walipita njia hiyo.

Tuje sasa kwenye lile neno linalofifia, kwa sababu humo ndimo ulimo ufunguo. Kule Ayalandi kitengo kidogo kabisa cha ardhi ni kile ambacho sisi tungekiita kitongoji, na kuna vitongoji zaidi ya 60,000 katika kisiwa kizima. Juu ya kitongoji kuna parokia ya kiraia, kisha tarafa, kisha kaunti, ambazo ziko 32. Mtu wa vijijini alijitambulisha kwa kitongoji chake, na nyaraka karibu zote zimepangwa kwa kufuata mpangilio huo. Kil ni neno la Kiayalandi *cill*, lenye maana ya kanisa dogo la kale, na limetapakaa nchi nzima. Ndani ya kaunti ya Clare peke yake nahesabu parokia za kiraia 10 zinazoanza na herufi hizo nne ulizozisoma: Kilmacduane, Kilmacrehy, Kilmaleery, Kilmaley, Kilmanaheen, Kilmihil, Kilmoon, na Kilmurry tatu tofauti. Kilmurry ni kanisa la Mariamu, na ndiyo sababu jina hilo linajirudia. Zaidi ya hizo kuna vitongoji vyenye majina ya namna hiyo.

Kwa hiyo usiulazimishe wino useme unachotaka. Kipige picha kitabu kwa mwanga wa tochi unaomulika kutoka ubavuni, mara kadhaa, kwa pembe mbalimbali, maana kalamu ya chuma huacha mfereji katika karatasi hata wino ukififia. Kisha linganisha herufi zisizosomeka na herufi za jina lake zinazosomeka, kwa kuwa ni mkono uleule. Ukiweza kujua tu kwamba baada ya Kilm inafuata *u* au *i* au *a*, umepunguza kazi kwa nusu au zaidi.

Hapo ndipo ufungue tovuti ya serikali ya Ayalandi, irishgenealogy.ie. Humo mna picha za kurasa zenyewe za madaftari: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75, na vifo vilivyopita miaka 50, na hakuna malipo. Ingizo la kizazi linakupa tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na makazi yake, kazi ya baba, jina la mama pamoja na jina la ukoo alilokuwa nalo kabla ya kuolewa, na mtu aliyetoa taarifa. Kupata jina la ukoo la mama kutoka kwenye karatasi moja ni neema ambayo watafutaji wa nchi nyingine nyingi hawanayo.

Ugumu wako utakuwa katika wingi wa majina. Jina la ukoo ulilotuandikia ni miongoni mwa yaliyoenea sana Clare, na jina lake la kwanza ndilo walilopewa wavulana wengi wa wakati ule. Nakushauri uende kwa njia ya kuondoa. Andika wavulana wote wa jina hilo walioandikishwa Clare kati ya 1864 na 1888, ukumbuke kwamba O na Mac za mwanzo wa jina ziliachwa na watu wengi kabla ya hapo na kurudishwa baadaye, kwa hiyo tafuta kwa namna zote mbili. Kisha pitia vifo, uwaondoe waliokufa utotoni, ambao kwa masikitiko hawatakuwa wachache. Kisha waondoe waliooa Clare na kuonekana katika sensa ya 1911 wakiishi na wake na watoto wao. Watakaobaki ni wale walioondoka, na kaunti ile iliondokwa na watu kwa kiwango cha kutisha: mwaka 1841, kabla ya ile njaa kuu, ilikuwa na wakaazi zaidi ya 286,000, na mwaka 1911 walikuwa wamebaki wapatao 104,000.

Ukibaki na wawili au watatu, nenda kwenye sensa. Ya 1901 ilihesabiwa usiku wa tarehe 31 Machi na ya 1911 usiku wa tarehe 2 Aprili, na zote mbili zinasomeka bure katika tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Fomu ya nyumba ilitiwa sahihi na mkuu wa kaya mwenyewe, au alama kama hakujua kuandika. Utaona dini, umri, kazi, kama mtu anajua kusoma, kama anasema Kiayalandi. Na katika fomu nyingine ya jengo utaona idadi ya vyumba, idadi ya madirisha ya mbele, aina ya paa, na jina la mwenye ardhi. Lakini lipo swali moja katika sensa ya 1911 ambalo ningependa ulisome ukiwa umekaa na mama. Kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, na wangapi bado wanaishi. Mama anapojibu kwamba alizaa tisa na saba wanaishi, ilhali nyumbani wameandikwa watatu tu, basi wanne wako mahali fulani duniani. Jina la mwana aliyekwenda Voi halimo katika karatasi ile, lakini kama ilikuwa nyumba yake, mama yake alimhesabu.

Kuna sensa moja zaidi ya kuisubiri au kuitazama, kutegemea utasoma haya lini. Baada ya 1911 vita viliizuia sensa ya 1921, ikafuata ile ya tarehe 18 Aprili 1926 katika kaunti 26 za dola mpya iliyojitenga na Uingereza, na kwa kanuni ya miaka 100 zamu yake ya kufunguliwa ni Aprili 2026. Kama mtu wako alirejea kwao akiwa mzee au mgonjwa, huenda akaonekana humo.

Madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yaliyopigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, ya parokia zaidi ya 1,000 na mengi yakifika 1880, yamefunguliwa bure mtandaoni tangu Julai 2015. Yasome hata kama umekwisha kupata kizazi serikalini. Aliyechelewa kuandikisha mtoto alitozwa faini, na wazazi wengi waliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili waikwepe, ndiyo maana utakuta mtoto aliyebatizwa kabla ya siku inayodaiwa kuwa alizaliwa. Katika hali hiyo mwamini padri. Jambo jingine ni kwamba, kuanzia Pasaka ya 1908, agizo la Roma lilitaka ndoa ya Mkatoliki ijulishwe kwenye parokia aliyobatizwa na kuandikwa pembeni mwa ingizo lake la ubatizo. Kama huyu bwana alifunga ndoa kanisani baadaye, iwe Nairobi, India au Liverpool, habari ilipaswa kurudi Clare. Picha za Maktaba ya Taifa huenda zisionyeshe nyongeza zote, kwa hiyo mwandikie paroko wa huko barua fupi yenye jina, majina ya wazazi na mwaka, umwombe akutazamie pembeni mwa ukurasa. Pia maktaba ya kaunti ya Clare, iliyoko Ennis, imeweka mtandaoni bila malipo nakala za orodha za ardhi, sensa na maandishi ya makaburini, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na sijaona kaunti nyingine ya Ayalandi iliyowatendea wageni wake ukarimu wa namna hiyo.

Nitaje jambo ambalo halithibitishi kitu ila laweza kukupa mwelekeo. Reli nyembamba ya Clare Magharibi ilifunguliwa kutoka Ennis mwaka 1887 na kufika pwani ya Kilrush na Kilkee mwaka 1892, ikipita ndani ya Kilmurry Ibrickan, mojawapo ya zile Kilmurry tatu. Kijana wa huko aliyekua akiona reli ikijengwa mlangoni pake angeweza kupata ufundi uliotakiwa Mombasa, ambako ujenzi wa reli ya Uganda ulianza 1896. Litazame kama dokezo, usiliandike katika ukoo kama ushahidi.

Ikiwa ukurasa wa Bura utakosa jina la baba, kipimo cha vinasaba ndicho kitakachoweza kuziunganisha pande mbili. Hapo apimwe mama yako mwenyewe, kama ataridhia, badala yako, kwa sababu yeye amerithi kwa babu yake takriban robo, nawe nusu ya hiyo. Linganisha kisha majina ya jamaa watakaotokea na majina ya ukoo uliyoyapata katika sensa. Na unapokaa na mama kwa kazi hii, andika pia yote anayoyajua kuhusu yule mama wa Kitaita: jina lake, la baba yake, ukoo wake, kijiji chake, na nani alimlea bibi Mzungu alipoondoka. Wa Clare ana karani, padri na msajili waliomwandikia. Huyu ana kumbukumbu ya mama yako peke yake, na mama ana miaka 84.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Birmingham. Watoto wangu, kwa upande wa baba yao, wana asili ya kaunti ya Mayo. Nimempata mama wa babu wa baba yao katika sensa, lakini nimechanganyikiwa. Mwaka 1901 aliandikwa Nora, umri miaka 56. Mwaka 1911, katika nyumba ileile, ni Nora wa miaka 72. Katika daftari la kanisa ninalodhani ni lake ameandikwa Honoria. Je, ni mtu mmoja au watatu?

Msomaji, Birmingham

JIBU

Karibu kwa hakika wale wawili wa sensa ni mtu mmoja, na miaka 16 aliyoiongeza katika miaka 10 ina maelezo. Sheria ya pensheni ya uzee ilipitishwa mwaka 1908 na malipo yakaanza Januari 1909, shilingi hadi tano kwa juma kwa maskini aliyefikisha miaka 70. Wazee wa Ayalandi wa wakati ule walizaliwa kabla ya uandikishaji wa 1864, wengi hawakuijua siku yao ya kuzaliwa, na mwaka 1901 hawakuwa na sababu ya kuitafuta. Ghafla umri ukawa mkate. Waliokosa hati walisema wanaukumbuka ule Usiku wa Upepo Mkuu, dhoruba iliyopiga Ayalandi tarehe 6 Januari 1839, kama vile wazee wetu wanavyohesabu kwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa. Sitamwita mwongo bibi huyo. Pengine ile 56 ndiyo iliyokuwa ya kukisia. Wewe chukua umri wote miwili kama mipaka, utafute ubatizo kati ya 1838 na 1846.

Pensheni hiyo imetuachia pia hazina isiyotarajiwa. Ili kuthibitisha umri, waombaji walitafutiwa majina yao katika sensa za 1841 na 1851, ambazo zilikuwa bado hazijaungua. Fomu za maombi hayo zimesalia, na zinasomeka katika tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Kila moja ina jina la mwombaji, majina ya wazazi wake, mara nyingi na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kitongoji walichokaa wakati wa sensa ile, na matokeo ya upekuzi. Ukimkuta humo, utakuwa umesoma dondoo la kitabu ambacho hakipo tena duniani. Tafuta kwa jina lake la ukoo la usichana na pia la ndoa.

Kuhusu Honoria, mapadri waliandika kwa Kilatini kile ambacho nyumbani kilitamkwa vingine. Honoria ni Nora au Honor. Jacobus ni James. Gulielmus ni William. Brigida ni Bridget. Kwa hiyo jina halikupingi. Ila lisikutoshe, maana binamu wawili au watatu wa parokia moja waliweza kuitwa Honoria, kwa sababu familia nyingi zilifuata desturi ya majina: mwana wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, binti wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba. Wasomaji wetu Wakikuyu wataona kwamba desturi hiyo ni jirani kabisa na yao, isipokuwa kwa mabinti, ambako wao humtanguliza mzaa baba. Itumie desturi hiyo kwa kukagua: kama binti wa kwanza wa Nora anaitwa Brigida, mama wa Honoria uliyempata kanisani anatazamiwa kuwa Brigida pia. Asipokuwa yeye, endelea kutafuta kabla ya kuandika kwa wino.

SWALI

Nimesikia kwamba mwenye babu wa Ayalandi anaweza kupata uraia wa nchi hiyo. Je, nyaraka hizi za zamani zinatosha?

Msomaji, Kampala

JIBU

Kwa sheria ya Ayalandi, mtu ambaye babu au bibi yake mmoja alizaliwa katika kisiwa cha Ayalandi anaweza kuomba kuandikwa katika Daftari la Vizazi vya Ng'ambo, na akishaandikwa ni raia. Anatakiwa kuonyesha mnyororo mzima wa vyeti: cha babu, cha mzazi wake, na chake mwenyewe. Picha ya ukurasa uliyoiona mtandaoni inakusaidia kujua cha kuagiza, lakini cheti rasmi hutolewa na Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake iko Roscommon. Kwa baba wa babu au wa bibi mlango ni mwembamba zaidi, kwa sababu kitukuu anapokelewa tu ikiwa mzazi wake alikuwa amekwisha kuandikwa katika daftari hilo kabla yeye hajazaliwa.

Kwa mfano huo, dada yetu wa Voi hana njia kupitia kwa baba wa bibi yake, ilhali mama yake, ambaye ni mjukuu wa mzaliwa wa Clare, anaweza kuomba. Kiungo atakachoulizwa kwanza ni karatasi inayomtaja baba wa mama yake, na ndiyo maana nilimwomba binti yake aanze na ukurasa wa Bura.